Julai ya Nairobi haitibiwi na programu

Wasomaji wangu, samahani kwa kimya cha wiki tatu. Niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, nayo itakuja. Leo kuna jambo jingine linanikera, na nisipolitoa kifuani halitaniacha niandike msimbo wa maana.

Juzi nilikuwa natafuta badiliko moja la zamani kwenye rekodi ya Git ya mradi wangu. Mnaoitumia Git mnajua kwamba kila unapohifadhi kazi, yenyewe huandika tarehe, saa, na ule ujumbe mfupi uliouacha. Basi nikawa napanda na rekodi hiyo mwaka baada ya mwaka, nikaona kitu ambacho sikuwa nakitafuta. Januari hadi Machi: saa tatu asubuhi, saa tano, saa tisa alasiri, na ujumbe unaoeleweka. Julai: saa saba usiku, saa nane usiku, saa tisa usiku. Ujumbe wenyewe: "rekebisha". "rekebisha tena". "sijui". Kisha siku nne tupu. Agosti hivyo hivyo. Mwaka uliofuata hivyo hivyo.

Miaka yote hiyo niliamini kwamba mimi ni mvivu tu. Nilijilaumu, nikaongeza kahawa, nikanunua hita ndogo ya kuweka chini ya meza, nikazidi kujifungia ndani. Mtayarishaji programu mwenye akili timamu, akiona hitilafu inajirudia kila mwaka mwezi ule ule, hailaumu kompyuta kwa uvivu. Anauliza: ni nini kinachobadilika mwezi huo?

Nikiwauliza wenzangu swali hilo, jibu la kwanza ni kicheko. "Hayo ya huzuni za majira ya baridi ni mambo ya wazungu, bwana. Sisi tuko kwenye ikweta." Haya, tufanye hesabu.

Ni kweli Nairobi iko kama digrii moja na robo tu kusini mwa ikweta. Tofauti ya urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba ni dakika tisa hivi. Shida ya watu wa Stockholm, ambao Desemba jua linawazamia saa tisa alasiri, sisi hatuna. Lakini mchana kuwapo ni jambo moja, na jua kuonekana ni jambo lingine. Idara yetu ya hali ya hewa ina kituo pale Dagoretti Corner, barabara ya Ngong, ambapo wengi wenu mnapita kila siku kwenye matatu. Wastani wa rekodi zake ni huu: Januari jua huonekana zaidi ya saa tisa kwa siku. Julai na Agosti ni takriban saa nne tu. London, mji ambao tumefundishwa kuucheka kwa mawingu yake, hupata zaidi ya saa sita kwa siku mwezi wa Julai. Soma tena polepole: mwezi wa Julai, London ina jua KULIKO Nairobi.

Sababu inajulikana. Upepo wa kusi unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unapanda nyanda za juu, unapoa, na kugeuka blanketi la mawingu ya chini ambalo linaweza kukaa juu yetu asubuhi hadi jioni. Waswahili wa pwani wana jina la majira haya: kipupwe. Kule kwao kipupwe ni nafuu baada ya joto. Huku kwetu, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni sweta, kofia ya marvini, na anga lenye rangi ya sufuria ya zamani. Kadiri unavyopanda kuelekea magharibi, Kangemi, Dagoretti, hadi Kikuyu na Limuru, ndivyo baridi inavyozidi.

Sasa jicho linaingiaje? Wengi tunadhani macho ni ya kuonea tu. Mwaka 2002 David Berson wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, na wenzake walionyesha kwamba nyuma ya jicho kuna chembe nyingine zinazohisi mwanga, ambazo kazi yake kubwa si kutengeneza picha. Zinaupelekea ubongo habari moja muhimu: sasa ni mchana au usiku? Kwa habari hiyo ubongo hurekebisha saa ya mwili, ile inayoamua ulale lini, uamke lini, uchangamke lini. Utafiti wa jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili ndio uliowapa Hall, Rosbash na Young tuzo ya Nobel mwaka 2017. Na tangu mwaka 1984, Norman Rosenthal na wenzake walipoielezea sonona inayokuja na msimu, madaktari wa nchi za kaskazini wamekuwa wakitumia mwanga mkali kama tiba.

Chembe hizo zinataka mwanga mwingi, na hapa ndipo wenye ofisi tunapodanganyika. Mwanga hupimwa kwa laksi. Ofisi ya kawaida yenye taa nzuri ina laksi 300 hadi 500. Nje, chini ya mawingu yale yale tunayoyalalamikia, mara nyingi ni maelfu, na wakati wa adhuhuri hupita 10,000 kwa urahisi. Macho hayatuambii tofauti hiyo kwa sababu mboni hujirekebisha. Sikutaka kuamini maneno matupu, nikaandika programu ndogo ya mistari kama arobaini inayosoma kihisi mwanga cha simu yangu. Kihisi cha simu si chombo cha maabara, lakini kwa kulinganisha kinatosha. Mezani pangu Westlands, taa zote zikiwaka: mia mbili na kitu. Nikashuka, nikasimama kando ya Waiyaki Way saa saba mchana, anga limeziba kabisa, hakuna hata kivuli: zaidi ya elfu kumi. Nikadhani nimekosea kuhesabu sufuri. Nikarudia mara tatu.

Kwa maneno mengine, mwezi mzima wa Julai nilikuwa nautunza mwili wangu kwenye jioni isiyokwisha. Mchana taa hafifu, usiku skrini inang'aa usoni. Saa ya mwili ikasogea mbele, usingizi ukasogea nayo, na kazi ikahamia saa nane za usiku. Rekodi ya Git iliandika yote hayo kwa uaminifu. Nisiyeisoma ni mimi.

Sasa nije kwenye hasira yenyewe.

Kuna kampuni niliyowahi kuifanyia kazi, sitaitaja, ambayo iligundua kwamba watu wake wanachoka katikati ya mwaka. Wakuu wakakaa, wakatafakari, wakaja na suluhisho: kila mfanyakazi akalipiwa programu ya simu ya kutuliza akili. Unavaa vifaa vya masikioni, unafumba macho, sauti tamu inakuambia upumue, na nyuma yake unasikia ndege wa msituni wakiimba. Ndege waliorekodiwa sijui nchi gani! Ofisi ilikuwa Kilimani. Mwendo wa dakika kama ishirini kwa miguu kutoka pale kuna Arboretum, shamba la miti lililoanzishwa mwaka 1907, hekta kama 30, lenye miti ya kila aina, ndege wa kweli na tumbili wasio na adabu. Hakuna mkuu hata mmoja aliyesema: jamani, chukueni nusu saa mwende mkakae pale. Sababu ni kwamba nusu saa inaonekana ni hasara, na usajili wa programu unaonekana ni ustawi wa wafanyakazi. Tena programu ina ripoti. Inaonyesha asilimia ngapi "wametulia" mwezi huu. Mti hautoi ripoti.

Nami nasema haya kama mtu wa fani hii, anayekula kwa kuandika programu. Fani yetu ina ugonjwa wa kuamini kwamba kila tatizo ni programu ambayo bado haijaandikwa. Kwanza tumemtoa mtu nje, tukamweka kwenye chumba chenye mapazia kwa sababu mwanga unaakisi kwenye skrini. Kisha tukamletea chakula mezani kwa bodaboda asipoteze muda. Kisha mikutano yote ikahamia kwenye video. Kisha, alipoanza kunyauka, tukamuuzia sauti ya ndege. Huo si ubunifu. Huko ni kumwibia mtu kuku na kumuuzia manyoya.

Najua mtakavyonijibu, maana nimeshajibiwa.

"Nje kuna baridi." Kweli, na mimi naichukia. Lakini tusidanganyane: mchana wa Julai hapa mjini ni digrii 20 na kitu. Jaketi la mtumba kutoka soko la Toi linamaliza mjadala huo. Ukitembea dakika kumi utalifungua zipu mwenyewe. Baridi inayotutesa ni ya kukaa kimya kwenye kiti saa nane mfululizo, vidole vimekufa ganzi juu ya kibodi.

"Sina muda." Ndugu yangu, una muda wa kuzozana kuhusu lugha ipi ya programu ni bora. Mwaka 2019 kulichapishwa utafiti wa watu karibu 20,000 huko Uingereza. Waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha. Haikujalisha kama dakika hizo zilikuwa kwa mkupuo mmoja au zimegawanywa. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba nje ndiko kulikowaponya, kwa kuwa huenda wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Lakini angalia gharama ya kujaribu: dakika 120 kwa wiki ni dakika 24 kwa kila siku ya kazi. Mkutano wetu wa asubuhi ambao hauna ajenda ni mrefu kuliko hapo.

"Watanipora simu." Hili silicheki. Kuna vichochoro vya katikati ya jiji ambavyo mimi mwenyewe siingii, na wanawake wana mahesabu ya usalama ambayo sisi wanaume hatulazimiki kuyafanya. Nendeni wawili watatu, mchana, palipo na watu. Na simu? Iache ofisini. Hiyo ndiyo nusu ya dawa.

"Mama mboga wa Kawangware yuko nje tangu saa kumi na moja alfajiri, mbona hana raha unayoisema?" Hili ndilo pingamizi lenye uzito, na aliyenipa alinisimamisha. Kukaa nje kwa kulazimika, kwenye vumbi na umande, huku unahofia askari wa kanjo watakuja kumwaga nyanya zako, hakumpi mtu utulivu. Mwanga hauondoi dhiki ya pesa. Ninachosema ni kwamba kila mtu anahitaji kukaa nje akiwa huru, bila kufukuzwa na bila kuuza kitu. Na ukilitazama hivyo, jambo hili linatoka kwenye ushauri wa afya na kuwa suala la ardhi.

Maana hebu jiulize, ukitoka mlangoni, utaenda wapi?

Katikati ya jiji tuna Jeevanjee Gardens. A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa Nairobi bustani hiyo mwaka 1906. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kuigeuza maegesho ya magari ya ghorofa, na mjukuu wake Zarina Patel akaongoza upinzani hadi mpango ukafa. Nilikwenda pale wiki jana saa saba mchana. Anga lilikuwa jivu. Mhubiri anahubiri, Bunge la Mwananchi linajadili bei ya unga kwa sauti ya kutosha majimbo matatu, vijana wamelala kwenye nyasi wamefunika nyuso kwa magazeti, na mzee mmoja ameketi tu kwenye benchi anatazama. Nikakaa kando yake. "Leo hujaenda kazini, kijana?" "Niko kazini, mzee. Nimetoka kupumzika." Akaniangalia viatu, akaniangalia uso. "Basi pumzika," akasema, akanisogezea nafasi. Sikulipa chochote. Hakuna aliyeniomba nywila.

Uhuru Park je? Ingekuwa haipo. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga pale jumba la ghorofa 60, na Wangari Maathai akaandika barua, akatukanwa, akaendelea kuandika, mpaka mradi ukafa. Halafu Oktoba 2021 bustani ikafungwa kwa ukarabati, na ikakaa muda mrefu wananchi wakiitazama kupitia uzio. Huku kwetu Westlands, mwaka 2020 mugumo wa umri wa karne moja hivi ulikuwa ukatwe kupisha barabara ya juu. Watu wakapiga kelele, na Novemba mwaka huo rais akaagiza uachwe. Barabara ikafunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi James Gichuru. Mugumo bado upo kando ya Waiyaki Way. Lakini miti mingine mingi haikuwa na bahati hiyo.

Mnaona mtindo? Kila kipande cha nje tulicho nacho mjini kipo kwa sababu kuna mtu aligombana na mtu. Na vipande vilivyobaki vyenye miti mingi, Arboretum na Karura, vina kiingilio. Kwangu mimi ni bei ya soda mbili tatu. Kwa familia ya watoto wanne kutoka Kangemi, ukijumlisha na nauli, ni chakula cha jioni. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Haikusema kila mwenye salio.

Sisi watu wa programu tunapenda neno "miundombinu". Seva, nyaya za baharini, umeme wa dharura. Basi benchi chini ya mti ni miundombinu. Njia ya miguu ambayo haijageuzwa maegesho ni miundombinu. Bila hiyo, mashine inayoitwa mwandishi wa msimbo inaanguka kila Julai, nasi tunaizima na kuiwasha kwa kahawa.

Naomba nisieleweke vibaya. Mwaka 2020 jopo la kitaifa la afya ya akili, chini ya daktari Frank Njenga, lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Jambo hilo ni zito kuliko matembezi. Ukiona huzuni imekuganda wiki baada ya wiki, huli, hulali, au umeanza kufikiria kujidhuru, usiende Arboretum ukadhani umejitibu. Mwambie mtu leo hii, kisha muone daktari. Mwanga ni wa kutusaidia tusifike huko, na wa kumsindikiza anayetibiwa.

Mimi nimeanza hivi. Asubuhi nashuka steji moja mapema, nafika ofisini kwa miguu, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaoivuta saa ya mwili irudi mahali pake. Saa saba nakula nje, hata kama ni githeri kwenye kibanda cha mabati. Mkutano wa watu wawili usiohitaji skrini tunaufanya tukitembea. Na hita nimempa mlinzi wa usiku, ambaye anaihitaji kweli. Siwezi kuwaahidi miujiza. Ninachoweza kusema ni kwamba Julai hii badiliko langu la mwisho kwa siku limekuwa likirekodiwa saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, na ujumbe wake una zaidi ya neno moja.

Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Wewe ukiwa mkuu wa timu na unasoma haya, futa ule usajili wa sauti za ndege, na pesa hizo walipie vijana wako kiingilio cha Arboretum kila Ijumaa. Wewe ukiwa kijana wa timu, usimsubiri mkuu.

Sasa ni saa saba kasoro. Mawingu yamejaa tele hadi Ngong. Naenda nje.